Mpaka Mechi ya Mwisho Ianze

Makarska, Jumapili tarehe 7 Juni 1998

Baba mpendwa,

Mjukuu wako sasa hivi ametumbukiza mpira wa tenisi kwenye sufuria ya supu ya samaki. Ulikuwa mpira wa mazoezi, mwekundu wote kwa udongo wa uwanjani. Ameurusha kwa mkono wa kushoto, kama wewe unavyorusha tofali, halafu akasimama akingoja tumpigie makofi. Bi Pave, ambaye ndiye mwenye nyumba tulimopanga chumba, ameutoa kwa kijiko cha mbao, akaonja supu, akasema sasa ndiyo imekolea. Nimecheka mpaka nikaona bora nikae niandike, maana nisipokuandikia leo nikiwa na kicheko, kesho sitathubutu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Sisi hatujambo. Tonka anaota jino la nyuma, usiku ananitafuna bega, lakini mchana anakimbia kama kuku aliyefunguliwa.

Najua hukutegemea barua yangu. Tangu niliporudi nyumbani na mimba badala ya kombe la ushindi, mimi na wewe hatujakaa meza moja, na huyo mtoto sasa ana miguu yake. Baba yake yuko Ujerumani na huko amebaki, hilo unalijua. Habari zako nazipata kwa shangazi Manda, na zangu unazipata kwa yeye huyo huyo, naye anatia chumvi pande zote mbili. Ndiye aliyeniambia kwamba umekubali kumpa jirani Jozo uwanja wetu wa tenisi wa nyuma ya nyumba ajenge banda la nguruwe. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Baba, nimerudi kucheza. Hapa Makarska kuna mashindano ya wanawake wa kulipwa, na klabu ya hapa ikanipa nafasi kwenye mechi za mchujo kwa kuwa kuna mtu alilikumbuka jina langu. Nimeshinda mbili. Ya tatu, ambayo ndiyo mlango wa kuingia kwenye mashindano yenyewe, nimeicheza leo asubuhi na nimepigwa kwenye seti ya mwisho. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma, na kila mpira niliouanzisha ulikwenda kutembelea watu waliokaa wakila aiskrimu.

Lakini sijaondoka. Wewe sheria unaijua, ila shangazi lazima atadai asomewe, kwa hiyo namweleza yeye. Tulioshindwa kwenye mlango wa mwisho tunaruhusiwa kubaki. Kila asubuhi, kabla ya mechi ya kwanza, tunakwenda kwa refa kuandika majina. Mchezaji wa mashindano yenyewe akiugua au akiumia kabla hajacheza mechi yake ya kwanza, mmoja wetu anaingia mahali pake. Ukiitwa na hupo, anaitwa mwingine. Na mechi ya mwisho ya raundi ya kwanza ikishaanza, mlango umefungwa, kila mtu abebe begi lake. Tuko watatu, Mhangari, Mwitaliano na mimi. Mimi ni wa nyuma kabisa, maana wenzangu wana pointi na mimi kompyuta inayohesabu pointi imenisahau nilipokuwa nanyonyesha.

Nikiingia, hata nikipigwa, napata pointi. Nikiwa na pointi sihitaji tena kuomba mtu anikumbuke, naandika jina langu popote kama wengine. Nisipoingia, nimemwahidi shangazi kwamba nitaanza ile kazi ya kufungasha biskuti na sitagusa tena raketi. Ni haki yake, yeye ndiye aliyenilelea mtoto msimu mzima nilipokuwa nikifanya mazoezi ya kupiga mpira ukutani.

Ninachokuomba ni hiki. Usimpe Jozo uwanja kabla mlango haujafungwa. Mimi ndiye niliyekushikia ndoo ulipokuwa unaponda vile vigae baada ya vita ili upate udongo wa uwanja, vigae vya paa letu wenyewe, na ukasema paa jipya tutaletewa na serikali lakini udongo mwekundu namna hii hauletwi na mtu. Sitaki nguruwe wa Jozo walale juu ya paa letu.

Stipe, dereva wa basi la usiku, atakuletea barua hii pamoja na jibini za watu na vipuri vya matrekta. Ukitaka kunijibu mpe yeye. Akirudi Jumanne asubuhi nitakuwa kituoni.

Binti yako,
Mirela

*

Makarska, Jumanne tarehe 9 Juni

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima, maana Stipe amenihakikishia kwamba alikuona kwa macho yake. Anasema uliisoma barua umesimama, ukaitia mfukoni, ukamuuliza kama huku upepo bado unavuma. Nikamuuliza, halafu? Akasema halafu ukarudi ndani. Nimerudi nyumbani na Tonka mabegani nikijiambia kwamba mtu anayeuliza habari za upepo hajakasirika sana. Sijui. Nimekuwa nikiiweka na kuiondoa fikra hiyo asubuhi yote.

Sisi hatujambo, ila tumehama. Bi Pave amepata wageni, Wacheki wanne, na chumba chetu wamepewa wao. Mimi na Tonka tunalala jikoni kwa uani, anapopikia wakati wa joto, kitanda kimesukumwa kati ya pipa la divai na magunia ya viazi. Bi Pave si mtu mbaya, mdomo tu. Jana alinikuta nikizunguka uani bila kazi, akaniambia, "Wewe unangoja mtu avunjike mguu, mimi nangoja Wacheki waninunulie chakula. Tutaona nani ataanza kupata." Wacheki wamekuja na soseji zao, mikate yao, hata nyanya.

Ni kweli nazunguka, baba. Siwezi kukaa. Nikikaa ufukweni naona viatu vyangu vya mchezo havipo karibu, naondoka. Nikienda uwanjani naangalia miguu ya watu. Sikuwahi kujua kama mimi ni mtu wa namna hii. Mtu akiinama kufunga kamba za viatu, moyo wangu unapiga. Jana Mslovakia mmoja alichanika msuli wa paja wakati wa kupasha mwili moto, na Mhangari akaitwa katikati ya kifungua kinywa, akaacha mkate umeumwa upande mmoja. Nikamwonea wivu mpaka ule mkate.

Jioni mvua ikaanza, mechi nyingi zikaahirishwa, na Mwitaliano akachoka. Alikuja kuniaga na masanduku yake, anakwenda kwenye mashindano mengine ng'ambo, akanishika shavu kama mimi ndiye mtoto. Akasema hapa hakuna mtu mwingine atakayeumia, wote wanalala tu kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo tangu jana usiku nimebaki peke yangu. Mtu mmoja tu akianguka, ni mimi ninayeitwa.

Sasa nikuambie jambo la leo mchana, na sijui kama nikuambie kwa kujisifu au kwa kujilaumu.

Juu ya jiko hili kuna chumba cha msichana wa Kiholanzi, anaitwa Annelies. Ni mcheshi, anasikia Kijerumani changu cha televisheni, na amekuwa akifanya mazoezi nami kwa sababu hakuja na kocha. Yuko kwenye mashindano yenyewe na mechi yake ya kwanza bado, mvua imeisukuma mpaka kesho au keshokutwa. Leo tulipata saa moja ya jua, tukapiga mipira, tukatoka jasho la kukamua. Baadaye nikapanda kumrudishia taulo. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala chali usingizi mzito, nywele mbichi, shingo wazi, na amefungua madirisha yote mawili, la baharini na la mlimani. Upepo ulikuwa unapita juu yake kama mto. Pazia zilikuwa zimesimama.

Wewe unajua. Mimi ni mtoto uliyemfunga skafu kwenye basi katikati ya joto la Julai, ili upepo wa madirisha usimpige shingoni. Mtu mwenye jasho akilala saa moja katikati ya madirisha mawili anaamka shingo imekauka kama kuni, na shingo ikikauka mpira hauanzishwi. Sikuhitaji kufanya kitu. Nilihitaji tu kuweka taulo kitini na kushuka ngazi.

Nilisimama pale, baba. Nikasikiliza anavyopumua. Nikafikiria ile pointi. Nikakuona na Jozo mmesimama kwenye mstari wa nyuma, yeye anapima kwa hatua. Ni Tonka aliyenitoa pale. Alikuwa mkononi mwangu, akanyosha kidole kwenye dirisha la mlimani akasema "vuu", ndivyo anavyouita upepo, kisha akajifunika shingo kwa viganja vyake viwili. Hajui kusema sentensi lakini hilo anajua, maana mimi humfanyia hivyo kila siku, na mimi ulinifanyia wewe.

Nikaingia nikafunga dirisha.

Annelies akaamka, akauliza kuna nini, wezi? Nikamwambia ni upepo, utamharibu shingo. Akacheka mpaka akaketi. Akasema, "Mirela, hiyo ni hewa tu. Kwetu tunailipia daktari atuambie tuivute." Nikamjibu, "Kwenu lala unavyotaka. Hapa utaamka umeangalia ukutani, na kesho mpira ukija kushoto utaambiwa na watu." Akanirushia mto. Lakini nilipotoka hakulifungua tena, nilichungulia.

Nimeshuka hapa jikoni. Bi Pave nimemsimulia, akaniambia kwamba nina moyo mzuri na akili ya kuku. Wewe je, unasemaje? Au bado unasoma umesimama?

Tonka anakusalimu kwa kurusha kiazi.

Binti yako,
Mirela

*

Kijijini, Jumatano tarehe 10 Juni

Mirela,

Barua zote mbili nimezipata. Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Mvua yenu haijafika huku, mahindi yanakunja majani.

Ile ya kwanza sikuijibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na Stipe hazimi injini kumngoja mtu. Ya pili naijibu.

Dirisha ulifunga. Vizuri. Nilikulea usilale kwenye upepo, sikukulea umwache mwenzako alale humo. Manda anasema ulifanya ujinga. Manda hajawahi kushinda mechi hata moja, na vitunguu vyake vyote vimeoza.

Sasa upepo wa Jumapili. Upepo haukukupiga. Unaurusha mpira juu mno unapoanzisha, ulikuwa hivyo tangu una miaka kumi, na mimi nilichoka kusema. Kukiwa na upepo urushe chini, kimo cha mkono tu, upige mapema. Mpira ambao haukupanda hauna muda wa kupeperushwa. Usizunguke uani ukimaliza miguu. Kula. Badilisha soksi.

Jozo alikuja Jumatatu na tela limejaa matofali. Nimemwambia arudi Alhamisi jioni. Akasema nguruwe wake hawawezi kungojea tenisi. Nikamwambia awafundishe. Lakini matofali ameyashusha, yako pale kwenye mstari wa nyuma, na neno langu nilikuwa nimeshampa. Nilimpa mwaka huu baada ya Pasaka, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nikifungua mlango wa jikoni naona uwanja hauna alama ya kiatu. Ulikuwa unanitazama. Neno la mwanamume silirudishi bila sababu ya kumwonyesha mtu. Ukiingia kwenye hayo mashindano, sababu ninayo. Usipoingia, Jozo ana haki yake, na usiniletee machozi.

Leo asubuhi uwanja nimeumwagia maji na kuupitishia roli la kusawazishia udongo. Usione kitu hapo. Vumbi lilikuwa linaingia jikoni.

Huyo mtoto nasikia anatumia kushoto. Mwache hivyo hivyo. Mimi shuleni walinifunga mkono kwa kamba mpaka nikaandika kwa kulia, na tangu siku hiyo mwandiko wangu ni huu unaouona. Stipe atakupa mfuko. Kuna soseji ya pilipili, usiwape Wacheki. Na kuna raketi yako ya kwanza, ile ya mbao. Nimeukata mpini, nimeuzungushia ngozi mpya. Mwambie asiipige chini.

Baba yako,
na babu wa huyo wa supu

*

Makarska, Alhamisi tarehe 11 Juni

Baba mpendwa,

Tonka sasa hivi amempiga Mcheki kwa nyanya. Ilikuwa nyanya ya Mcheki mwenyewe, iliwekwa kwenye meza ya uani, na mtoto ameiona mviringo akaona kazi yake. Amesimama na raketi uliyomkatia, miguu wazi, magoti yamekunjwa, sijui nani amemfundisha kukunja magoti, akaipiga kwa mkono wa kushoto ikaenda moja kwa moja kwenye fulana nyeupe ya yule bwana. Mcheki ameitazama fulana, akamtazama Tonka, akampa nyingine. Bi Pave anasema hii ndiyo mara ya kwanza Wacheki hao wametoa kitu.

Hatujambo, baba. Hatujambo sana. Barua yako nimeisoma pale kituoni, nimesimama, ujue tu kwamba ni tabia ya ukoo. Stipe akaniuliza nalia nini, nikasema ni moshi wa basi lake. Akazima injini, yule Stipe, akaningoja nimalize.

Sitakuuliza ulipoufungua mlango wa jikoni uliona nini. Ningejua ningekuja hata usiku kuukanyagakanyaga huo uwanja.

Nimerusha chini. Leo asubuhi mapema, nilipotoka kituoni, kabla joto halijapanda, Annelies alikubali kunisimamia upande wa pili, na upepo bado upo kidogo, na nikarusha kimo cha mkono tu kama ulivyosema. Mpira umeingia. Umeingia tena. Annelies akasema, "Hii uliificha wapi?" Nikamwambia ilikuwa kijijini. Yeye mzima wa afya, shingo inazunguka kama ya bata. Tangu juzi analala na dirisha moja, anasema ni kwa kunihurumia tu, nisije nikapanda tena usiku na blanketi.

Sasa hali ni hii. Jana mvua iliacha, wakacheza karibu mechi zote, na hakuna aliyeumia. Nimeandika jina langu asubuhi hii, niko peke yangu kwenye karatasi, refa akanitazama juu ya miwani akasema, "Bado upo, mama Tonka?" Nikasema nipo. Imebaki mechi moja ya raundi ya kwanza, ya Annelies na Mfaransa mmoja mrefu, inaanza muda si mrefu, nyasi zikishakauka pembeni na uwanja ukishapigwa brashi. Huyo Mfaransa nilimwona barabarani anakwenda gatini kupiga picha, anatembea kama twiga, hana neno.

Kwa hiyo nimeanza kufungasha. Sikwenda hata kukaa uwanjani, maana pale barabarani nilijikuta nikimtazama yule Mfaransa magotini na nikajionea aibu. Nimepanga nguo za Tonka, nimeweka soseji chini Bi Pave asiione. Stipe anarudi leo usiku na mimi nitakuwa ndani ya basi. Na nataka kusema hili kabla sijafunga begi, maana uso kwa uso sitaweza. Nitamleta Tonka kwako kesho hata kama ni banda. Hata kama Jozo ameshajenga ukuta. Tutakaa jikoni, utamshika, ni mzito kuliko anavyoonekana, na akikurushia kitu usikwepe sana, anapenda kuona kimefika. Kazi ya biskuti nitaianza Jumatatu na sitakuletea machozi. Nilitaka tu ujue kwamba nilikaa mpaka mwisho, sikuondoka kama Mwitaliano, na kwamba ningeweza

Subiri, lango linagongwa.

Ni Annelies. Amevaa nguo za mchezo, anahema, anaongea Kiholanzi na Kijerumani pamoja. Anasema Mfaransa ameteleza kwenye ngazi za gati akirudi nyuma ili mlima uingie kwenye picha, kifundo kimevimba kama tikiti, wamembeba. Refa ananitafuta, kipaza sauti kimeniita mara mbili, na hapa kwenye pipa la divai sikusikia. "Chukua raketi, mwanamke," ananiambia, "unacheza na mimi. Na ukinipiga nitafungua madirisha yote."

Bi Pave ameshamchukua Tonka kiunoni, ananivua aproni kwa mkono mwingine, anasema niache kuandika, mimi ni mwehu. Viatu viko wapi. Nimeviona. Baba, barua hii nitampa Stipe hivi hivi ilivyo. Jozo hata kama ameshaanza kujenga mwambie ayapakie matofali yake, mwambie umeipata ile sababu, mwambie kwamba huo uwanja